VM ya mizani inageuka konokono ikihamia hosti ya pili, na diski ni zilezile

Dada wa Shangani · Jumamosi, saa 4 usiku

Wakuu, habari za msimu. Niko Mtwara mjini, nalea seva za ofisi moja inayopokea korosho ghalani. Jina la ofisi naliacha, ugali wangu unatoka huko.

Nina hosti mbili (seva halisi) za Proxmox, programu inayoendesha VM, yaani seva za kuigiza ndani ya seva halisi; nimezibatiza Msimbati na Mikindani. Zilitoka Kariakoo siku moja mwaka 2021, mtumba wa Ulaya, na zinafanana kama Kurwa na Doto: kadi ileile ya RAID (inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) yenye kache ya MB 512, diski nne za TB 2 zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, RAID 10, RAM GB 64. Hifadhi ya pamoja hatuna. Kila moja na diski zake, katikati swichi ya gigabiti moja. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magunia, mpaka leo ukifagia unapata nyuzi za katani.

VM ziko tano. Nne hazinisumbui. Ya tano ni ya mizani: Debian (Linux), ndani databesi ya PostgreSQL, diski ya GB 180. Gunia linapanda mizani, karani anabonyeza, kilo zinaingia, risiti inatoka, gunia linashuka. Siku ya kawaida risiti inatoka kabla mkulima hajanyoosha mkono.

Jana Ijumaa feni ya Msimbati ilianza kulia kama cherehani isiyotiwa mafuta. Nikasema nisisubiri iungue, nihamishe VM zote kwenda Mikindani bila kuzizima, kisha nifungue Msimbati nisafishe. Najua mtasema nini: nani anahamisha VM saa nne asubuhi, msimu wa korosho, foleni imefika barabarani? Mimi. Mngesikia ile feni mngefanya hivyohivyo.

`qm migrate 101 mikindani --online --with-local-disks`

Hesabu yangu: GB 180 kwa MB 110 kwa sekunde, nusu saa hivi, basi. Haikufika hata MB 25. Ikawa inatambaa kwenye 20, imechukua saa mbili na nusu. Na katika muda wote huo, VM ikiwa bado iko Msimbati, haijahama, risiti moja ilikuwa inachukua sekunde nane, kumi. Karani akaanza kuwaambia watu "mtandao". Mtandao gani, mizani iko kwenye kebo ya mita 30!

Nikajipa moyo kwamba ikishafika itatulia. Haikutulia. Imefika Mikindani, kuhama kumekwisha, risiti bado sekunde tano, sita. Ndani ya VM nikafungua `top`, ile `wa` inacheza 60 na 70. Prosesa imekaa inasubiri diski. Usiku wa manane nikairudisha Msimbati na feni yake mbovu, na kama uchawi, risiti papo kwa papo.

Nilichokwisha kujaribu, ili msinirudishe nyuma. Mtandao kati ya hosti: `iperf3` inatoa Mbit 941. Diski nne za Mikindani nimezipitia moja moja, SMART (ripoti ya afya ya diski) zote safi. Nikapima kuandika kwa `dd`, Mikindani ikanipa GB 1.3 kwa sekunde, yaani inaipita hata Msimbati. Kwenye mipangilio ya diski ya VM nikabadilisha kache kutoka `none` kwenda `writeback`, hakuna tofauti. Saa tano usiku, watu wamelala, nikaweka `unsafe`, ikaruka kama paa. Nikairudisha haraka kwa sababu najua maana yake: umeme ukikatika, data inaweza kupotea. Kadi ya RAID nayo nimeitazama, zote mbili zinasema WriteBack, yaani kache inapokea maandiko.

Kitu kimoja cha pembeni: ile diski ilikuwa inakula GB 61 tu kwenye LVM-thin (hifadhi inayotoa nafasi kadiri inavyotumika), ilipofika Mikindani ikawa imevimba GB 180 kamili. Sijui kama vinahusiana.

Nimechoka. Leo nimekula ming'oko tu tangu asubuhi. Jumatatu ghala linafunguliwa saa moja na nusu na feni bado inalia.

---

FundiNetiweki · Jumamosi, saa 4:25 usiku

Gigabiti moja haitoshi kuhamisha VM zilizo hai, dada. Tafuta kadi za gigabiti 10 hata za mtumba, unganisha hosti kwa hosti bila swichi. Tatizo limekwisha.

---

Dada wa Shangani

Kaka asante, lakini gigabiti moja ningeijaza nisingelalamika. Napata MB 20 kwenye bomba linalopitisha 110. Na ikishafika Mikindani haitumii tena mtandao kuandika, inaandika kwenye diski zilizo chini yake. Kadi za 10 zitanipeleka kwenye ukuta uleule, ila kwa haraka zaidi.

---

Nguchiro · Jumamosi, saa 4:40 usiku

Rudini kwenye daftari na kalamu. Daftari halihami likiwa hai na halina feni.

---

MwanaKitangari · Jumamosi, saa 5:10 usiku

Hiyo `unsafe` ndiyo imekuonyesha njia, kwa nini uliitoa? Iache mpaka msimu uishe. Kama unaogopa, basi ndani ya PostgreSQL weka `synchronous_commit = off`, utaona mizani inakimbia. Mimi nafanya hivyo kwa mteja wangu Newala, mwaka wa pili huu, hakuna kilichoharibika.

---

Mzee wa Mitwero · Jumamosi, saa 5:50 usiku

Binti yangu, pole na kazi. Mimi niko Lindi, nimestaafu, lakini bado nagusagusa. Kabla hatujafika kwa huyo kijana wa Kitangari, nipe namba moja tu. Kwenye kila hosti, wakati VM zimetulia, andika:

`pveperf /`

Uniletee mstari wa mwisho-mwisho ulioandikwa FSYNCS/SECOND. Hayo mengine yote usiniletee.

Na hilo `dd` lako lifute kichwani. Diski nne zinazozunguka, RAID 10, haziwezi kuandika GB 1.3 kwa sekunde hata zikipigwa fimbo. Ulichopima ni RAM ya seva. Uliiambia ipokee, ikapokea, ikakuambia "tayari" wakati diski hazijapata hata habari. Mizani yako haifanyi hivyo. PostgreSQL kila inapofunga muamala inaita `fsync`, inasema: nionyeshe kwamba kimefika chini ndipo niendelee. Ni vipimo viwili tofauti kabisa. Kimoja cha lori la shehena, kingine cha mtu anayekwenda dukani kununua kiberiti kimoja, anarudi, anakwenda tena.

---

Dada wa Shangani · Jumapili, saa 1 asubuhi

Shikamoo Mzee. Nimeamka nikaenda ofisini na khanga.

Msimbati: 1,912.
Mikindani: 53.

Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. 53, 51, 53.

---

Mzee wa Mitwero · Jumapili, saa 1:30 asubuhi

Marahaba. Itazame hiyo 53 vizuri kwa sababu inazungumza.

Diski yako inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Gawa kwa 60, ni mizunguko 120 kwa sekunde. Ukiiandikia kidogo, ukasubiri sahani izunguke, ukaandika tena palepale, huwezi kuvuka 120 kwa sekunde, hiyo ni fizikia haina rushwa. Na `fsync` moja kwenye ext4, mfumo wa faili wa Linux, si andiko moja: kuna data, kuna jarida la mfumo wa faili. Kwa hiyo mizunguko miwili au zaidi kwa kila `fsync`. 120 gawa kwa mbili, ukatoe kidogo cha kichwa kutembea. Umefika wapi? Hapo kwenye hamsini na ushei.

Maana yake Mikindani inaandika kama diski uchi. Kache ya kadi haifanyi kazi. Na ile 1,912 ya Msimbati haiwezekani kwa diski uchi, hapo kuna kache inapokea.

Umesema uliitazama kadi ikasema WriteBack. Naamini uliona neno hilo. Sasa nitolee yote, usichague:

`MegaCli -LDInfo -Lall -aALL`

---

Dada wa Shangani

Mzee nimeona aibu. Hii hapa ya Mikindani, mistari miwili inayofuatana:

```
Default Cache Policy: WriteBack, ReadAdaptive, Direct, No Write Cache if Bad BBU
Current Cache Policy: WriteThrough, ReadAdaptive, Direct, No Write Cache if Bad BBU
```

Mimi nilisoma wa kwanza, nikafunga dirisha, nikaenda zangu. Kwa Msimbati yote miwili inasema WriteBack.

---

Mzee wa Mitwero · Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Usione aibu, mstari wa kwanza umewadanganya wakubwa kuliko wewe, na mimi nikiwamo. Wa kwanza ni ulichoagiza. Wa pili ni kinachotendeka: WriteThrough, kila andiko linapita kache na kwenda mpaka diski. Na sababu imeandikwa mwishoni palepale: *No Write Cache if Bad BBU*. BBU ni betri ya kadi, nayo imekufa.

Nieleze kwa ajili ya wengine wanaosoma. Kadi ya RAID ina kumbukumbu yake ndogo, kwako MB 512. Fikiria karani aliyekaa mlangoni mwa ghala na kapu. Mkulima anamimina korosho kapuni, karani anasema "nimepokea", mkulima anakwenda zake, na karani anapeleka ndani baadaye kwa mpangilio wake, mafungu kwa mafungu. Ndiyo hiyo 1,912. Lakini umeme ukikatika, kilichomo kapuni kinamwagika, wakati mkulima alishaambiwa kimepokelewa. Kwa hiyo kadi imepewa betri yake ndogo ya kulishikilia kapu mpaka umeme urudi. Betri ikifa, kadi ni mwaminifu: inalitupa kapu na kupeleka punje moja moja mpaka ndani kabla ya kusema "nimepokea". Hiyo ndiyo 53.

Hukuligundua mapema kwa sababu Mikindani ulikuwa umeiwekea VM ambazo haziandiki sana. Huenda ina miezi hivyo. Kuhamisha hakukuharibu kitu. Kumekupeleka tu kwenye nyumba ambayo choo kiliziba zamani na hakuna aliyekuwa akikaa humo.

Na `unsafe` yako saa tano usiku, hiyo ndiyo iliyonifumbulia kesi kabla hata ya `pveperf`. `writeback` ya VM inapitisha maombi ya `fsync` mpaka chini, ndiyo maana hukuona tofauti. `unsafe` inayapuuza. Kama kuyapuuza kunaponya, basi ugonjwa uko kwenye kuyatimiza, si kwenye upana wa bomba. FundiNetiweki, usikasirike.

Sasa kwa nini mizani ililala hata kabla VM haijaondoka Msimbati? Hapa ndipo wengi hupotea. Ukihamisha VM yenye diski za ndani, QEMU, injini inayoendesha VM, hainakili diski ikakaa kimya. Inanakili huku VM inaendelea kuandika, na kila jipya linaloandikwa lazima lifike pande zote mbili kabla ya kukabidhiana. Kuna namna mbili. Ya kwanza, VM inaandika kwake na mnakili anafuata nyuma akiokota yaliyobadilika. Hapo upande wa pili ukiwa mzito na VM inaandika sana, mnakili hamalizi kamwe, kila akigeuka kuna kipya. Ya pili, ili kumaliza, kila andiko linasubiri lifike kote kuwili ndipo VM iambiwe "tayari". Makarani wawili, daftari mbili, na gunia halishuki mizanini mpaka wote wawili waseme wameandika. Mmoja akiwa mzee wa miwani kama mimi, foleni yote inakwenda kwa mwendo wake. Mizani yako ilikuwa Msimbati lakini inaelekea ilikuwa inasubiri Mikindani.

---

MwanaKitangari · Jumapili, saa 2:40 asubuhi

Nimekubali, Mzee. Lakini betri hiyo Mtwara haipatikani, mpaka Dar. Kwa sasa si anaweza kuilazimisha kadi itumie kache hata bila betri? Amri ipo, mstari mmoja tu. Ana UPS.

---

Mzee wa Mitwero · Jumapili, saa 3 asubuhi

Amri ipo, naijua, na siiandiki hapa.

Kijana wangu, UPS inalinda umeme wa ukutani. Hailindi pawa saplai ya mtumba inayoungua, wala mfagiaji anayechomoa waya apate pa kuchomeka pasi. Na UPS nyingi huku kwetu zenyewe zina betri zilizokwisha, unazijua siku umeme unapokatika. Kapu likimwagika, si miamala ya mwisho tu inayopotea: mfumo wa faili unakuwa umeahidiwa mambo ambayo hayapo, na siku ya kuwasha unakuta databesi haifunguki.

`synchronous_commit = off` uliyoitaja jana ni pole zaidi, niseme haki. Hiyo haiharibu databesi, inaweza kupoteza tu miamala ya sehemu ya sekunde iliyopita. Kwa duka la vocha ningesema sawa. Lakini kwa mizani? Mkulima ameshika risiti ya karatasi ya kilo 78 na nusu, na kwenye mfumo gunia lake halipo. Nenda kamweleze wewe.

Binti, kesho VM ibaki Msimbati. Hiyo feni ya Msimbati badilisha leo Jumapili VM zikiwa zimezimwa, hakuna dhambi kuzima seva siku ya mapumziko. Betri agiza leo hiihii. Muuzaji akuonyeshe picha ya lebo yenye mwaka, maana kuna betri "mpya kabisa" iliyokaa kabatini miaka mingi, nayo ni maiti vilevile.

---

Mama Ruangwa · Jumapili, saa 5 asubuhi

Shoga, niongeze jambo, nisije nikasahau. Hata betri nzima ina siku zake. Kadi nyingi kila baada ya muda, yangu ilikuwa kila miezi mitatu, zinaishusha betri chaji yote na kuichaji upya ili kuipima. Wakati huo kache inazimwa kwa saa kadhaa, mambo yanakuwa mazito, halafu yanapona yenyewe. Nilihangaika mwaka mzima nikidhani ni chelezo za usiku. Angalia lini yako imepangwa, usogeze ianguke Jumamosi usiku. Kadi mpya mpya zinatumia kapasita badala ya betri, hazina sherehe hiyo.

---

Dada wa Shangani · Jumanne ya wiki iliyofuata, saa 3 usiku

Wakuu, nimerudi.

Feni nilibadilisha Jumapili ileile, nikatoa ya kompyuta mbovu ya uhasibu, nikakata plastiki kidogo kwa kisu cha jikoni, imekaa. Jumatatu ghala limefunguliwa na hakuna aliyejua kitu.

Betri imefika na basi Alhamisi alfajiri, imefungwa ndani ya boksi la sabuni. Nilimlazimisha muuzaji anipigie picha ya lebo kama Mzee alivyosema. Akanitumia ya kwanza, haisomeki. Nikamwambia tena. Ya pili inasomeka, na kumbe alikuwa na mbili, moja ya zamani na moja ya karibuni. Nadhani nisingeuliza ningepata ya zamani.

Jumamosi mchana nikahamisha vilivyokuwa Mikindani, nikaizima, nikafungua. Hapa ndipo nilipokaa chini. Skrubu za kifuniko zina kutu, chumvi ya bahari hii haina huruma hata ndani ya nyumba. Betri iko kando ya kadi, imefungwa kwa kishikio cha plastiki, na imevimba katikati kama andazi lililozidi hamira, mpaka kishikio kimepasuka. Nimeichomoa kwa vidole viwili, kwa woga. Lebo inasema 2016. Yaani tuliponunua seva "nzima kabisa" mwaka 2021, betri ilikuwa imeshamaliza ujana wake Ulaya, uzee ikaja kuumalizia kwenye joto la Mtwara, chumba ambacho kiyoyozi kikizimika thamometa inasoma 34.

Nikaweka mpya, nikawasha, nikakimbilia kusoma mstari wa PILI. WriteThrough! Moyo ulinidondoka. `pveperf` 52. Nikaanza kumtukana muuzaji peke yangu chumbani. Kisha nikakumbuka kusoma hali ya betri yenyewe:

`MegaCli -AdpBbuCmd -GetBbuStatus -aALL`

Ilikuwa inachaji. Kadi haiiamini mpaka ipate chaji ya kutosha. Nikafunga mlango, nikaenda Bima kununua pweza, nikarudi baada ya saa nne hivi. Mstari wa pili: WriteBack. `pveperf`: 1,887.

Jumapili usiku nikaihamisha mizani ikiwa hai, bila kuzuia chochote: dakika 28, MB 110 bila kuyumba. Jana Jumatatu nikataka kuona mchana itakuwaje, foleni ikiwepo, ila nikapunguza mwendo ili diski zibakiwe na nafasi ya kuhudumia watu:

`qm migrate 101 msimbati --online --with-local-disks --bwlimit 61440`

Hiyo ni MB 60 kwa sekunde. Imechukua dakika 51. Nilisimama nyuma ya karani muda wote nikijifanya nakagua printa. Hakuona kitu. Pale mwisho, VM inapokabidhiwa upande wa pili, gunia moja lilichelewa kama mtu anayevuta pumzi, likapita. Akaniuliza mbona nimemsimamia kama mkaguzi.

Lile la kuvimba GB 180 halikuhusiana. Wakati wa kunakili hata sehemu tupu za diski zinaandikwa sifuri, basi LVM-thin inahesabu zimetumika. Nimewasha `discard` kwenye diski ya VM, kisha ndani yake nikapiga `fstrim -av` ili sehemu tupu zirudishwe, imerudi GB 63. Na kwenye mipangilio ya ajenti ya QEMU kuna kisanduku cha kufanya hivyo yenyewe kila baada ya kuhama. Nimekitia tiki.

Sasa nimemaliza? Hapana. Leo asubuhi, kwa kuwa nimeshajifunza kusoma mpaka chini, nikapiga ile amri ya betri kwenye Msimbati, ile "nzima":

```
Battery Replacement required            : Yes
```

Bado inasema WriteBack mistari yote miwili, bado inakimbia. Lakini ni pacha wa andazi. Mzee, hii inaweza kuningoja mpaka mwisho wa msimu?

---

Mzee wa Mitwero · Jumanne, saa 3:40 usiku

Haiwezi. Mpigie muuzaji kesho asubuhi, akutafutie nyingine ya karibuni, lakini usichukue ile ya zamani hata akupe bure. Mpaka ifike, mizani ikae Mikindani, Msimbati ibaki na hizo zisizoandika. Na hilo andazi usilitupe kwenye takataka za kuchomwa, linaweza kulipuka. Weka kwenye chombo chenye mchanga, nje, mbali na magunia.

---

Dada wa Shangani

Liko kwenye sufuria ya mchanga nyuma ya choo cha walinzi. Mlinzi ameuliza kama ni dawa.

---

Nguchiro

Mwambie ndiyo.